Mtungi wa mbizi kwenye mizani ya skrepa

Mtungi wa kupigia mbizi hufika kwenye yadi ya skrepa ya Temeke ukiwa umelazwa kwenye guta, katikati ya nondo zilizopinda, mabati na majiko yaliyotoboka. Kwa mwenye mizani hauna tofauti na chuma kingine: kilo ni kilo, na ukiwa wa alumini bei inapanda kidogo. Vali yake ya shaba njano hugongwa kwa nyundo hadi ilegee, kisha hutupwa kwenye ndoo ya shaba. Hapo ndipo kitu cha thamani zaidi kinapopotea, kwa sababu vali ya mwaka 1965 haitengenezwi tena, na mkusanyaji anayejua mambo humuuliza muuzaji habari za vali kabla hajauliza habari za mtungi.

Mingi ya mitungi hii inatoka hapa hapa Dar es Salaam. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini, pamoja na Fungu Yasini, ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, na wapiga mbizi wamekuwa wakienda huko kutoka Msasani na Kunduchi kwa miaka mingi. Bandarini wapo wanaozama kukagua matumbo ya meli na mapanga yake. Zanzibar na Mafia kuna vituo vya watalii. Kila mwenye mitungi hufika siku akaona ya zamani imemchosha, akaitoa kwa jumla. Ya Kinondoni mingi hushuka hadi Tandika au Gerezani, na mimi huizungukia huko asubuhi, kabla mashine ya kukata chuma haijawashwa.

Kitu cha kwanza kutazama ni bega la mtungi. Maandishi yaliyogongwa pale ndiyo cheti chake cha kuzaliwa, na kwa kawaida yamefunikwa na rangi tabaka juu ya tabaka. Chukua kitambaa chenye tina, usichukue msasa. Ukikuta ICC-3AA2250, hicho ni chuma cha Kimarekani cha hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla alama ya ICC haijaachia nafasi alama ya DOT. 2250 ni presha yake ya kazi kwa psi, karibu bar 155. Ukikuta 3AL, ni alumini. Tarehe ya kipimo cha kwanza imeandikwa kwa mwezi na mwaka, na katikati yake kuna alama ya mkaguzi. Mitungi ya Ulaya huandikwa kwa bar, na ya chuma mara nyingi hubeba 232 kama presha ya kazi na 348 kama presha ya kupimia. Maandishi yakiwa yamesagwa kwa grenda, acha. Mtungi usio na maandishi hauna kazi tena majini, hata ukiwa unang'aa.

Upenzi wangu mimi uko kwenye vali. Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipokamilisha kifaa chao cha kupumulia chini ya maji mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye, mpiga mbizi wa kawaida hakuwa na geji ya kumwonyesha hewa iliyobaki. Jawabu lilikuwa vali ya akiba, ambayo wapiga mbizi wengi huiita vali ya J. Ndani yake kuna springi inayobana njia presha inaposhuka hadi kiasi cha psi 300. Mpiga mbizi huona pumzi inakuwa nzito, hupeleka mkono nyuma, huvuta fimbo ndefu ya waya inayoshuka ubavuni mwa mtungi, na njia hufunguka tena. Hewa inayobaki ni ya kupandia tu. Fimbo ikiwa imeshavutwa kwa bahati mbaya wakati wa kushuka, akiba hiyo haipo, na mtu hajui. Geji zilipoenea vali hii iliachwa, ikabaki ya K, iliyo na njia moja ya kufungua na kufunga.

Kuifufua vali ya J kunataka meza safi na subira. Fungua nati ya mkono wa kuzungushia, toa springi yake ndogo, kisha nati kubwa ya shingo, halafu spindo na kiti chake. Panga kila kipande kwa mfuatano wa kukitoa na upige picha kwa simu. Vipande viloweke kwenye siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi tu, hadi kijani cha chumvi kianze kuachia. Piga mswaki wa meno, suuza kwa maji safi, kausha. Halafu tazama shaba yenyewe kwenye mwanga wa jua. Pale kromu ilipobanduka, shaba njano yenye afya ina rangi ya dhahabu. Ukiona mabaka mekundu ya waridi, bahari imekwisha kula zinki yote, na kilichobaki ni shaba yenye vitundu visivyoonekana. Vali hiyo iweke kabatini. Ukiikaza kwa spana itavunjika shingoni.

Oringi zote zibadilishwe, hata zile zinazoonekana laini, na mafuta yawe ya silikoni, si grisi ya gari. Kisahani cha usalama, kile kidogo cha shaba kinachopasuka presha ikizidi, kiwekwe kipya chenye kipimo cha mtungi huo. Wapo waliokuwa wakipachika viwili ili mtungi ushindiliwe zaidi. Ukivikuta viwili, toa vyote. Mrija mwembamba unaoning'inia chini ya vali usiutupe: unazuia kutu na maji kuingia kwenye vali wakati mpiga mbizi amepinduka kichwa chini.

Kuhusu kuivua vali kutoka kwenye mtungi, nasema kwa msisitizo. Kutosikia hewa ikitoka hakumaanishi mtungi ni mtupu. Mrija ukiziba kwa kutu, vali itafunguka hadi mwisho na kukaa kimya, huku presha yote iko ndani. Mtungi wa alumini wa lita 11.1, ulio wa kawaida zaidi vituoni, ukijazwa bar 207 unabeba karibu lita 2,300 za hewa. Geuza vali kidogo kidogo, uso ukiwa pembeni, na ukisikia mluzi kwenye shingo simama, ngoja hewa iishe. Kwenye yadi huwa nawaomba vijana wasiuguse hadi nifike. "Kaka, huu mbona mwepesi, hauna kitu," mmoja alishaniambia. Hewa ya mtungi mzima haifiki hata kilo 3, kwa hiyo uzito wa mkononi hausemi lolote.

Shingo ikishafunguka, tumbukiza taa ndogo ya waya. Kwenye chuma, kutu laini ya rangi ya chungwa inasafishika, lakini vishimo vilivyozama vimeshakula unene wa ukuta. Vua pia kiatu cha mpira cha chini. Viatu vya zamani havikuwa na njia ya kutoa maji, kwa hiyo chumvi ilikaa pale miaka na miaka, na mtungi unaoonekana mzima juu huwa umeoza pete nzima chini.

Kusafisha ndani, fundi wa Keko alinichomelea kitanda cha rola mbili juu ya beringi, zikizungushwa na mota ya mashine ya kufulia. Mtungi unalazwa ukiwa na vijiwe vya kauri na maji, unazunguka polepole kwa saa kadhaa. Kazi ngumu ni baada ya hapo. Kwa unyevu wa Dar es Salaam, chuma kitupu kilicholowa huanza kutoa kutu upya ukiwa unakitazama. Suuza kwa maji ya moto sana, ili chuma chenyewe kishike joto, pindua, kisha puliza hewa kavu mara moja. Kompresa ya gereji haifai bila chujio, maana hutema maji na oili.

Alumini haina kutu hiyo, ila ina ugonjwa wake. Mitungi iliyotengenezwa kwa aloi ya 6351, ambayo Luxfer ya Marekani iliitumia hadi mwaka 1988 kabla ya kuhamia 6061, inaweza kupata nyufa kwenye shingo kutokana na kukaa na presha muda mrefu. Michache imewahi kupasuka wakati wa kujazwa. Kwa macho peke yake ufa huo unaweza kukupita. Marekani huupima kwa kifaa cha umeme. Mimi mtungi wa alumini wa kabla ya 1988 siurudishi majini. Wala usikubali mtungi wowote wa alumini upakwe rangi ya kuokwa kwenye tanuri, kwani joto linaondoa ugumu wa aloi.

Hatari nyingine ni nyuzi za shingo, na hapa kwetu ni kubwa kwa sababu mitungi ya Marekani na ya Ulaya imechanganyika. Ya Kimarekani ya kisasa ni inchi robo tatu. Ya Ulaya ni M25, nyembamba kidogo. Vali ya M25 inaingia kwenye shingo ya robo tatu, inazunguka, inakaza, na mtu anaridhika. Ikipata presha inafyatuka kama risasi. Imeshaua na kulemaza watu wa kujaza mitungi katika nchi mbalimbali. Soma maandishi ya vali na ya bega. Yasipolingana, au yasiposomeka, vali na mtungi visikutanishwe.

Baada ya yote hayo ndipo mtungi unapelekwa kwa wakaguzi wa mitungi ya gesi wapime kwa maji. Kwa mitungi ya Kimarekani ya aina hizi, kipimo ni theluthi tano za presha ya kazi: wa psi 3000 hupandishwa hadi 5000. Hutumika maji kwa sababu hayabanwi kama hewa, hivyo mtungi ukishindwa hautawanyiki. Ukitanuka na kubaki hivyo kupita asilimia 10 ya mtanuko wote, umefeli. Ukifaulu, tarehe mpya inagongwa begani, na kwa utaratibu wa Marekani inatosha miaka 5.

Uliofeli toboa kwa drili ubavuni, mbele ya mnunuzi kama yupo. Unabaki pambo zuri la hoteli, au ukikatwa kitako unakuwa kengele yenye sauti inayoshinda ile rimu ya lori iliyozoeleka shuleni. Wakusanyaji wa Marekani na Ulaya hupenda rangi ya kiwandani hata ikiwa imechakaa, pamoja na nembo ya zamani ya US Divers au Siebe Gorman. Usiikwangue ili kupaka mpya. Piga picha ya bega kwa karibu na useme kila kasoro.

Kuna mnunuzi mmoja ambaye simuuzii: anayetaka mtungi wa kuzamia majongoo bahari. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza kuvua kwa mitungi, na vijana wanaozama mara nyingi kwa siku bila mafunzo hupanda na naitrojeni mwilini, ikageuka mapovu na kuwapooza miguu. Faida ya mtungi mmoja hailingani na hilo.

Mtungi ukisafirishwa nje, vali ivuliwe na kufungwa peke yake kwenye kitambaa, ili wakaguzi wa uwanja wa ndege waone ndani. Shingo ifunikwe kwa plastiki inayotoka kwa urahisi, na karatasi ya kipimo cha maji ifungwe kwenye mkanda wa mtungi badala ya kutangulizwa kwa barua pepe.