Mafunzo Niliyopata Katika Sekondari ya Kutwa

Nilisoma sekondari binafsi ya kutwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha nikafundisha katika shule za aina hiyo hadi nikastaafu. Wewe unayeingia kidato cha kwanza unataka kufika mbali, hilo halihitaji kuulizwa. Nakupa machache niliyochelewa kuyajua.

1. Ijue shule yako kabla ya kuionea haya

Nikikutana njiani na vijana wa Tambaza, sekondari ya serikali, nilifunika nembo ya shati kwa daftari. Mtaani tuliitwa waliofeli, ingawa nafasi za serikali zilikuwa chache mno na wengi walifaulu darasa la saba wakakosa pa kwenda.

Mwalimu wetu wa historia ndiye aliyenifungua macho. Tambaza niliyokuwa naiogopa ilianza kama shule ya Waismaili, ikibeba jina la Aga Khan. Forodhani, nyingine ya serikali, ilikuwa St. Joseph's Convent, ya masista. Zote zilitaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Ya kwetu ilianza kwa michango ya wazazi na madarasa ya kuazima, tena ya jioni, wenyewe wakishaondoka. Na haikuwa peke yake: Jumuiya ya Wazazi ya CCM, makanisa na Waislamu walikuwa wakijenga mikoani, hadi miaka ya 1980 inaisha sekondari zisizo za serikali zikawa nyingi kuliko za serikali. Kumbe nilikuwa naficha jasho la watu.

2. Safari ni kipindi, iweke kwenye ratiba

Daladala ziliruhusiwa rasmi mwaka 1983, mabasi ya umma ya UDA yalipolemewa na abiria. Kwa konda, mwanafunzi ni hasara inayotembea: anakaa nafasi ya mtu mzima na kulipa nauli ya mtoto. Asubuhi moja nikajifanya mjanja. Nikavaa shati la kaka juu ya sare, nikashika gazeti, nikaongea kwa sauti nzito kama karani wa bandari. Nikapanda bila kusukumwa. Konda akanitoza nauli ya karani, na mchana nikarudi Magomeni kwa miguu kutoka Posta, gazeti likiwa kofia.

Lakini aibu kubwa ilinipata nikiwa mwalimu. Kwa miaka nilisimama getini na fimbo nikiwasubiri wachelewaji, wala sikuwahi kumuuliza hata mmoja anatoka wapi. Siku pikipiki yangu ilipoharibika, nilikwenda kupanda daladala Mbagala nikakuta nusu ya "watoro" wangu kituoni, wamefika kabla yangu, magari yakiwapita. Tulichelewa pamoja. Nilipofika getini fimbo iliyonisubiri ilikuwa yangu mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kucheka mbele yangu. Nyuma yangu sijui.

Kwa hiyo ondoka nyumbani mapema kuliko unavyodhani inatosha. Ukikaa mbali, mweleze mwalimu wa darasa wiki ya kwanza, kabla hujachelewa mara ya kwanza.

3. Deni la ada lisemwe mapema

Mstarini karani alisoma majina ya wanaodaiwa, nao walirudishwa nyumbani. Mimi sikwenda nyumbani. Nilimhurumia baba, au nilimwogopa. Nilijificha Maktaba Kuu, ile iliyofunguliwa 1967, nikasoma chochote kilichokuwa mezani hadi saa ya kutoka shule. Baba alipogundua, alikuja akazungumza na mkuu wa shule, wakakubaliana alipe kidogo kidogo. Mazungumzo hayakufika hata robo saa. Siusifu utoro, ingawa nakiri somo la historia nililifaulu kwa sababu ya yale niliyoyasoma mafichoni.

4. Fanya kazi zako kabla ya kutoka getini

Wa bweni wana muda wa kujisomea, wewe una vyombo, wadogo zako, foleni ya maji na umeme wa mgao. Niliahidi kusoma usiku, na karibu kila usiku nililala juu ya kitabu cha fizikia, ambacho hadi leo kina alama ya mate yangu. Waliofaulu darasani kwetu walibaki saa moja baada ya kengele, wakamaliza mazoezi ndipo wakatafuta usafiri. Kama mlinzi hufunga madarasa mapema, mwombeni kwa adabu. Wa kwetu alikubali, kwa sharti kwamba asinyimwe kashata.