KUPIGA PICHA NYOTA WAKATI WA DHIKI: NI UPUUZI AU NI MAZINGATIO?



Somo letu la leo lahusu jambo ambalo wengi hulidhani ni mchezo wa watu wasiokuwa na kazi, nalo ni kupiga picha nyota za mbinguni. Tumelichagua kwa sababu dhiki haina budi kumfikia mwanaadamu, na yatupasa kujua namna ya kuutumia wakati wake kwa jambo litakalotunufaisha.

Tuchukue mfano wa mji wa Nakuru. Tarehe 26 Machi 2021, kwa ajili ya maradhi ya Korona, Serikali ya Kenya ilizifunga kaunti 5: Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru. Watu walikatazwa kuingia katika eneo hilo na kutoka, ibada za mkusanyiko zikasimamishwa, na kuanzia saa 2 usiku hata saa 10 alfajiri ikawa ni marufuku kutembea. Ramadhani ya mwaka 1442 ikaingia katikati ya Aprili hali ni hiyo. Asiyepata kuswali Tarawehe msikitini na jamaa zake ndiye aijuaye huzuni ya siku zile. Waislamu waliokuwa na elimu waliona tu kuwa amri ile haikuwa ngeni, kwani Mtume wetu s.a.w. alikwisha tufundisha tusiingie katika nchi iliyoshukiwa na tauni wala tusiikimbie tukiwa ndani yake.

Basi mtu aliyefungiwa nyumbani, usiku mrefu, afanye nini? Kwanza ni ibada. Kisha, baada ya ibada, yuko aliyekesha na maneno ya uzushi katika simu yake mpaka moyo ukajaa khofu. Na yuko aliyeweza kutoka uani mwake, bila ya kuvunja amri ya mtu yeyote, akainua kichwa.

Na laiti angaliinua kichwa katika mji ule! Nakuru iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, upande wake wa kusini kidogo, katika nyanda za juu zipatazo mita 1,850 juu ya bahari. Kwa hiyo mkaazi wake huziona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Jabari hupita karibu na utosi. Suheli, waliyoitumia manahodha wetu, huonekana upande wa kusini. Jaa peke yake ndiyo imelala kwenye upeo wa macho, hata haionekani. Katika Aprili ile ya 2021, wakati wa daku, Mushtarii na Zohali zilikuwa upande wa mashariki, na ule ukanda mweupe wa nyota uitwao Majarra ulisimama juu upande wa kusini, pale palipo pana na pazito kuliko kwengine. Ni kweli kwamba Aprili ni mwezi wa masika, na mawingu huziba mara kwa mara. Lakini mvua ikisha kunyesha hewa husafika, na mwenye subira hupata nafasi yake.

Sasa tuyatazame masuala matatu.

Suala la kwanza: Je, picha si haramu? Jawabu: Wanavyuoni wamekhitalifiana katika picha za vyenye roho. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, aliandika risala kuihalalisha picha ya kamera, kwa hoja kwamba ni kukizuia kivuli alichokiumba Mwenyezi Mungu, wala si kuumba. Ama nyota hazina roho, na Ibn Abbas r.a. alimruhusu mchoraji kuchora miti na visivyokuwa na roho. Basi hapa hapana mahali pa ugomvi.

Suala la pili: Je, huku si kusoma nyota? Jawabu: Hasha. Kujua mwendo wa nyota ni elimu; kudai kwamba nyota zaleta maradhi, mauti au riziki ni ujinga na upotofu. Wakati wa msiba ndipo soko la wapiga ramli lichangamkapo. Tukumbuke siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume s.a.w., jua likapatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume, naye yumo katika huzuni ya mzazi, aliwakataza, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Na mwenye kuipima nyota kwa kamera kila usiku, akaona inavyokwenda kwa hisabu isiyokosea, ni vigumu kudanganywa na mpiga ramli.

Suala la tatu: Je, si jambo la Wazungu? Jawabu: Ni mali yetu tuliyoisahau. Ibnul Haytham wa Basra, katika karne ya 11, alieleza namna mwanga wa jua lililopatwa upitavyo katika tundu dogo na kuchora umbo lake upande wa pili. Na kamera imesimama juu ya msingi huo. Abdurrahman as-Sufi, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, alilitaja wingu dogo ambalo leo lajulikana kuwa ni jamii kubwa ya nyota iliyo mbali mno, iitwayo Andromeda. Huko Nakuru, usiku wa Novemba na Desemba, kamera ya kawaida hulinasa wingu hilo upande wa kaskazini.

Ama namna ya kufanya, si ngumu. Yatosha kamera, au simu inayokubali kuachwa wazi kwa sekunde nyingi, na stendi ya miguu mitatu. Lielekeze jicho la kamera kwenye nyota inayong'ara mpaka iwe nukta ndogo. Fungua tundu la lenzi kadiri liwezavyo, weka kipimo cha ISO 1600 au 3200, na utumie kipima-muda cha sekunde 2 ili mkono usiitikise. Kwa kuwa ardhi yazunguka nyuzi 15 kila saa, ukizidisha muda nyota zitakuwa mistari. Kanuni ni kugawa 500 kwa urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 25, sekunde 20, ya milimita 50, sekunde 10. Kamera ndogo zahitaji muda mfupi zaidi. Usilielekeze jua kamwe bila ya kichujio chake, kwani ni hatari kwa jicho na kwa kamera.

Na adabu zake ni hizi: isikupitishe sala, isile fedha ya watoto, wala isiwe ya kujionyesha. Nia iwe kuitikia mwito wa Suratu Aali Imran, ambamo wenye akili husifiwa kwa kumkumbuka Mola wao na kuzingatia kuumbwa kwa mbingu na ardhi.

Vizuizi vya Nakuru viliondolewa mwanzoni mwa Mei 2021, na misikiti ikafunguliwa. Dhiki nyengine zitakuja, Mwenyezi Mungu atupe subira. Nasi wa Mombasa, Malindi na Lamu, tusingoje kufungiwa ndipo tuitazame mbingu. Tarehe 2 Agosti 2027, In sha Allah, jua litapatwa lote katika mji wa Makka. Jifunzeni sasa, mwafundishe na vijana, ili siku hiyo watu wa nyumbani mwetu wawe wenye kujua na wenye kuswali, si wenye kubabaika.

Wabillahi ttaufiq.