Simu Moja, Kitongoji Kizima: Mafunzo Niliyopata Kang'ata

Mtu akinunua simu ya kupapasa huku kwetu Kang'ata, wilayani Handeni, fedha inatoka mfukoni mwake lakini matumizi ni ya kitongoji. Yangu niliifuata Korogwe, na kabla sijaizoea mwenyewe majirani walishajua kwamba ina kamera nzuri, ina laini mbili na inafungua intaneti. Tangu hapo nimekuwa msomaji wa watu, mpiga picha, mpeleka salamu na mtunza siri. Karatasi ya maelekezo iliyokuwa ndani ya boksi haikutaja hata moja ya kazi hizo.

1. Simu ikaguliwe dukani.

Ukisimama kwenye maduka ya Manundu, mjini Korogwe, utaona wanunuzi wengi wanauliza rangi, ukubwa wa kioo na wingi wa kamera. Mimi nasema anza na *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za utambulisho wa simu. Zilinganishe na zile za kwenye boksi, kisha zitume kwa ujumbe kwenda 15090. Utajibiwa simu hiyo ni ya kampuni gani na ni toleo gani, na jibu likitaja simu nyingine tofauti na uliyoishika, mrudishie muuzaji mali yake. Waliokuwa na simu mwaka 2016 hawajasahau: Juni 16 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima, na aliyekuwa nayo akabaki na kitu kisichopiga wala kupokea. Wengi walizinunua kwa jasho la mahindi.

2. Usikiache kitochi.

Simu mpya ina mambo mengi, na kila jambo linakula chaji. Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kinakaa siku kadhaa bila kuguswa waya. Hii ya kupapasa ukiitumia sana, jioni inaomba umeme. Kinachoimaliza zaidi huku kwetu ni kutafuta mtandao. Ukiwa shambani bondeni, ambako mawimbi yanakuja na kukatika, simu inahangaika muda wote kuishika 4G na betri inakwisha hata kama hujafungua chochote. Siku hizi nikienda shamba naingia kwenye mipangilio, naiweka 2G, napunguza na mwanga wa kioo. Inashinda mpaka jioni.

Laini ya fedha nimeiacha kwenye kitochi. Menyu zinazoanzia *150 hazihitaji intaneti, na siku ya gulio sitaki nifike kwa wakala na kioo cheusi.

3. Kamera ni jembe.

Nilidhani ningeitumia kwa picha za harusi na za watoto. Faida yake kubwa nimeiona kwenye mahindi. Viwavijeshi vamizi waliingia Tanzania mwaka 2017, na tangu hapo mkulima wa Handeni hawezi kulala usingizi mzito mvua ikishaanza. Shida ni kwamba viwavi ni wa aina nyingi na dawa ni ghali. Ukikosea kumtambua unamwaga fedha ardhini. Huyu vamizi ana alama usoni inayofanana na herufi Y iliyopinduliwa juu chini, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Kwa macho ya mzee hayo hayaonekani. Piga picha kwa karibu, ivute kwa vidole viwili, na alama zote zinajitokeza wazi. Kisha mtumie afisa ugani, ambaye ana vijiji vingi na hawezi kuwa kwa kila mtu asubuhi hiyo hiyo. Mzee mmoja jirani yangu akiona majani yametobolewa hapigi hodi siku hizi, ananiita kutoka njiani: "Mgosi, njoo na ile simu!"

4. Asiyejua kusoma ana sauti.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umefanya kwa wazee wetu jambo ambalo ujumbe wa maandishi haukuliweza. Bibi anashika simu, anaongea Kizigua chake chote, pamoja na mlolongo wa salamu na maswali ya nani amezaa na nani anaumwa, na mjukuu aliyeko Dar es Salaam anasikia sauti yenyewe. Hamna mtu wa katikati wa kufupisha. Zamani bibi huyo alikuwa anamwomba kijana amwandikie, kijana anaandika maneno matano, na bibi anajua kabisa kwamba aliyosema hayakwenda yote. Wajukuu wengine waliozaliwa mjini wanajibu kwa Kiswahili, wachache wanajaribu Kizigua. Napenda sana kuwasikia hao wanaojaribu.

5. Siri za watu zinapita mkononi mwako.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye uzito.

Tangu msimu wa 2022/23, serikali ilipoanza mbolea ya ruzuku kwa mtindo wa kuandikisha wakulima, namba anayoipeleka mkulima kwa wakala wa mbolea inakuja kwa simu. Mzee asiye na simu anaandikisha ya jirani. Kwa hiyo ujumbe wake unaingia kwangu, na mifuko yake ya mbolea kwa maana hiyo iko mfukoni mwangu. Nikiuona naondoka hapo hapo kwenda kumpa. Namwandikia kwenye karatasi, namsomea taratibu, na mtu mwingine haambiwi.

Namba ya siri ya fedha ni jambo jingine. Wazee wanakuja na simu zao na kusema, "Mwanangu, namba yangu ni hii, nitolee." Hapana. Nageuza uso, nawaomba wabonyeze wenyewe, hata kama itachukua nusu ya mchana. Asiyeiona vizuri keibodi nimemfundisha kwamba 5 iko katikati na ina kinundu kidogo kwenye kitochi chake. Akiipapasa hiyo, nyingine atazifikia. Mzee anayejua kuficha namba yake hana haja ya kuomba kwamba jirani yake awe mwema.

Na Januari, matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, watu hujaa uani. Kila mtu anataka kusikia, na desturi ya kijiji ni kusoma kwa sauti. Mimi simu nampa mtoto kwanza. Ajitazame mwenyewe, apumue, ndipo aamue kumwambia mama yake au kukaa kimya hadi watu watawanyike. Kuna waliokasirika kwa hilo. Nawaelewa, maana mtoto wa jirani huku ni mtoto wa wote, lakini sifuri ya mtu haitangazwi kutoka kwenye simu yangu.

6. Matapeli wanaandika Kiswahili kizuri.

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Anayejifanya mwenye nyumba, anayejifanya mganga, anayedai amekosea kutuma muamala na anaomba arudishiwe: wote hawa wanafika hata Kang'ata. Nimewaambia majirani wasibishane nao wala kuwatukana. Namba ya tapeli inatumwa kwenda 15040, kazi inaishia hapo. Na kwa kuwa laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kila mmoja abonyeze *106# aone ni laini ngapi ziko kwa jina lake. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho chako kwa mtoa huduma ikafutwe.

7. Bando lina milango ya nyuma.

Ndani ya WhatsApp, zima video zisijipakue zenyewe. Hilo tu limeniokolea fedha na nafasi.

8. Simu iwe na zamu ya wanafunzi.

Vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na gharama ya kuvisoma ni bando. Katika shule nyingi za vijijini kitabu kimoja kinagombewa na wanafunzi kadhaa, hivyo jioni watoto wa jirani huja kwangu na madaftari. Mmoja anashika simu na kusoma, wengine wananakili, kisha wanabadilishana. Hawafungui kingine, nami nakaa karibu. Wasichana nimewapa zamu ya kwanza, jua likiwa bado lipo. Magharibi ikiingia wanaitwa jikoni, na nikiwaweka mwisho watarudi nyumbani na madaftari matupu.