Usingizi wa Mtoto Mdogo



Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther, akiisha kufundisha sala ya jioni, amwagiza Mkristo alale mara moja na kwa furaha. Mtu mzima aweza kujilaza mwenyewe. Lakini mtoto mdogo, ni nani atakayemtunzia usingizi wake?

1. Kiasi chake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ya kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 2 yampasa kulala muda wa saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4, muda wa saa 10 hadi 13. Usingizi wa mchana umo katika hesabu hiyo. Basi mtoto wa mwaka mmoja na nusu alalaye saa 4 usiku na kuamshwa saa 11 alfajiri amepata saa 7 tu. Hata akisinzia saa moja mchana, amepungukiwa saa 3.

2. Kazi yake. Usidhani ya kuwa mtoto aliyelala amekaa bure. Katika usingizi mzito mwili hutoa kwa wingi kichocheo cha kukua, na ubongo huweka akiba ya maneno aliyoyasikia mchana. Aliyepungukiwa hulia kwa neno dogo, hufikicha macho, na pengine hurukaruka kupita kiasi, hata wazazi wakadhani hana usingizi.

3. Saa ya bahari na saa ya mtoto. Twaeni mfano wa Matemwe, pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja. Huko akina mama hulima mwani, na siku za bamvua, maji yakupwapo sana, hawana budi kushuka pwani. Nayo maji hayangoji mtu: kila siku huchelewa kama dakika 50. Lakini mwili wa mtoto haufuati mwezi, hufuata jua. Leo akichukuliwa pwani, kesho akiachiwa dada yake, usingizi wake wa mchana hukatika. Tusimlaumu mama atafutaye riziki. Bali bibi au dada abakiye nyumbani aijue saa ya kumlaza, amlaze kivulini penye utulivu, ndani ya chandarua, saa ile ile kila siku, mama awepo au asiwepo. Na usiku simu iwekwe mbali naye.

4. Amri ya Tano. Luther atufundisha ya kuwa amri hii haikatazi kuua tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani katika kila haja ya mwili wake. Jirani aliye karibu kupita wote ni yule alalaye ubavuni pako.

Maswali kwa waalimu: Mtoto wako jana alilala muda wa saa ngapi, usiku na mchana pamoja? Mama akiwa kazini, ni nani amlazaye? Je, mkutano wetu wa jioni humalizika mapema, ili watoto wasikeshe kwa ajili yetu?