Puti ya Sanamu Ndogo: Ya Kijani, ya Kijivu au ya Dukani kwa Fundi Bomba?

Sanamu ya kimo cha milimita 28 ina uso usiozidi punje ya choroko. Humo yatiwe macho, pua na mdomo. Wasomaji wanauliza puti ipi inafaa. Fundi wetu anajibu.

Kwa nini puti ya epoksi, wakati udongo upo?

Udongo hukauka kwa kupoteza maji, kwa hiyo hunywea na kupasuka. Jaribu kufinyanga mkono mwembamba kama njiti ya kiberiti, utaona. Epoksi haikauki, inaiva: ina utomvu na kigumishi, ukivikanda pamoja vinashikana kikemia. Hainywei kwa kiasi cha kuonekana, inashika vizuri waya uliouweka kama mifupa, na haihitaji tanuri. Ila kuifunika kwa kitambaa kibichi, kama wafanyavyo wafinyanzi, hakusaidii kitu. Ukishakanda, muda unakwenda.

Wengi wanaisifia ile ya kijani. Ina nini?

Hiyo ni Kneadatite, maarufu kama Green Stuff. Ni njano na buluu. Ukikanda mpaka ubaki na kijani kitupu, imekolea. Uzuri wake ni mnyumbuko. Unaivuta, unaikandamiza, inakubali mkunjo wa kanzu na kope za jicho, na hata ikiiva haikatiki ovyo. Una kama saa moja hivi ya kuchonga kwa raha. Kuiva kabisa, iache hadi kesho yake.

Uwiano ni wako. Ukizidisha njano inakuwa laini, inanata na kuchelewa kuiva. Ukizidisha buluu inakuwa ngumu zaidi. Mimi kwa nyuso huzidisha njano kidogo.

Ukiinunua kwa umbo la mkanda, kata ule mstari wa kati ambako rangi mbili zinagusana, utupe. Pale imeshaanza kuiva kabla hujaifungua. Niliusikiliza ubahili wangu mara moja tu, nikaishia na vichembe kama mchanga kwenye shavu la askari niliyemhangaikia jioni nzima.

Kasoro yake: haipendi tupa wala msasa. Inararuka badala ya kutoa vumbi, hivyo kingo kali za panga au sanduku huzipati kirahisi.

Na Milliput?

Inatengenezwa Dolgellau, huko Wales. Ni vijiti viwili vya kukanda sawa kwa sawa, na kwa joto la kawaida huiva kwa saa 3 hadi 4. Kabla haijaiva inalainika kwa maji, kwa hiyo kidole chenye maji kinafuta alama zote. Ikiiva ni jiwe: ipige tupa, msasa, itoboe. Ya njano-kijivu ina chembe kubwa kidogo, itumie kwa miamba na vitako vya sanamu. Nyeupe ndiyo laini kuliko zote. Lakini Milliput huvunjika kirahisi. Upanga mwembamba wa Milliput ukianguka sakafuni, okota vipande.

Naweza kuzichanganya?

Ndiyo, na mimi nafanya hivyo karibu kila siku. Kanda kila moja peke yake mpaka ikolee, kisha unganisha nusu kwa nusu. Kunata kunapungua, na kingo zinakubali tupa.

Zile za vijiti zinazouzwa kuziba mabomba?

Nyingi huiva kwa dakika chache tu na zina chembe nene. Zitumie kujazia kiwiliwili kwa ndani, basi.

Joto la Pwani linaharibu?

Linaharakisha. Kanda kiasi cha punje ya njegere kwa awamu. Ukikatizwa, weka iliyobaki kwenye friza. Haitasimama, lakini itajikokota.

Ina madhara?

Kigumishi kinaweza kuiletea ngozi mzio, na ukishaupata hauondoki kirahisi. Vaa glavu unapokanda, na barakoa unapopiga msasa. Wapo wanaolowesha kifaa kwa ulimi. Acha, chovya kwenye maji au paka vaselini kidogo sana.

Mwenye fedha ya pakiti moja tu anunue ipi?

Anayetaka kufinyanga watu, ya kijani. Anayetaka mashine, majengo na miamba, Milliput.