Kurudisha Nyuma Trekta Yenye Tela
Mwenye trekta ivutayo tela ya magurudumu mawili hana budi kujua kurudi nyuma sawasawa, maana nyuma yake huenda pana ukuta wa ghala, au mtoto. Kwanza nyosha trekta na tela ziwe mstari mmoja. Tia gea ya chini, uende polepole. Ukitaka tela iende kushoto, zungusha usukani kulia kidogo. Tela ikianza kugeuka, zungusha usukani kushoto ili trekta iifuate. Tela fupi hugeuka upesi kuliko ndefu. Ikijipinda mno, usishindane nayo: simama, songa mbele, nyosha, kisha uanze tena. Mweke mtu mzima kando, mahali unapomwona. Asipoonekana, simama mara moja. Jizoeze kwanza uwanjani kwa tela tupu.