SOMO LA MWEZI: Tumbo Lililopasuliwa Hurudishiwa Nguvu Polepole



Katika mkutano mmoja tulimwona mwenzetu amekaa kando, mkono tumboni. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na hiyo ilikuwa wiki yake ya 3. Asubuhi alikuwa amebeba mtungi wa maji wa lita 20 kutoka mtoni. "Kidonda kimekauka," alituambia, "lakini huku ndani ni kama kitu kinavutwa." Nyumbani kwake tuliambiwa eti mama amepona, si nyuzi zimeshatolewa? Basi tumeonelea tujifunze jambo hili pamoja.

Nje kumekauka, ndani bado

Sisi tuliokandika nyumba za udongo tunajua. Ukigusa ukuta, nje umekauka, lakini ndani bado ni mbichi. Ukitundika kitu kizito, unapasuka. Tumbo ni vivyo hivyo. Ili kumtoa mtoto, daktari hupasua ngozi, mafuta, utando mgumu unaoshikilia misuli, na mfuko wa uzazi. Misuli yenyewe kwa kawaida haikatwi, husogezwa kando. Ngozi hufunga kwa wiki 2 hivi. Lakini ule utando wa ndani huendelea kukaza kwa miezi kadhaa. Mzigo mzito ukija mapema, utando waweza kuachia, na matumbo yakajitokeza chini ya ngozi. Hiyo ni ngiri, na huenda ikaleta upasuaji mwingine.

Maji ya lita 20 ni kilo 20. Kwa wiki 6 za kwanza, mama asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake.

Je, alale tu?

Hapana. Akilala siku nzima damu yaweza kuganda miguuni, misuli hulegea na mgongo huanza kuuma. Afanye hivi, isipokuwa kama daktari amemkataza:

1. *Siku za kwanza.* Avute pumzi ndefu mara 4 au 5, kila saa akiwa macho. Achezeshe nyayo juu na chini. Atembee kidogo kidogo. Akitaka kukohoa, akandamize leso iliyokunjwa juu ya mshono. Akiamka, kwanza alale ubavu, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa mikono.

2. *Maumivu yakipungua.* Alale chali, magoti yamekunjwa. Akitoa pumzi, avute tumbo la chini ndani polepole, kama anayekaza leso kiunoni. Ahesabu mpaka 5 bila kuzuia pumzi, kisha aachilie. Arudie mara 5, baadaye mara 10. Kama mpira wa mkojo umeshatolewa, akaze pia ile misuli ya kuzuia mkojo.

3. *Akizoea hayo.* Akiwa bado chali, abonyeze kiuno chini kwenye kitanda, kisha aachilie. Halafu alaze magoti yote mawili upande huu, kisha upande ule, taratibu.

4. *Baada ya wiki 6.* Aende kliniki akaangaliwe. Akiruhusiwa, aanze na maji ya lita 5, si mtungi mzima. Kabla ya kuinua, akunje magoti, avute tumbo ndani, na atoe pumzi anapoinua.

Asikimbilie zoezi la kulala chali na kuinuka moja kwa moja, wala la kuinua miguu yote miwili pamoja. Zoezi likileta maumivu, au tumbo likijitokeza katikati kama tuta, aache.

Waliopasuliwa kwa ugonjwa mwingine, wanaume kwa wanawake, wamwulize daktari wao muda unaowafaa.

Dalili za hatari

Asingoje kesho, apelekwe hospitali akiona: homa, mshono kutoa usaha au kufunguka, damu nyingi au uchafu wenye harufu mbaya ukeni, mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu ya kifua au kukosa pumzi.

Kazi ya kikundi

Mwenzetu hakubeba mtungi kwa ukaidi. Hakukuwa na mtu wa kumchotea. Tukimwambia mama apumzike na huku mtungi wake ni mtupu, tumemsaidia nini? Tunajua kupeana zamu ya pesa. Tupeane pia zamu ya maji na kuni kwa wiki 6. Na nyinyi wazee, mtungi haumchagui mtu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, mama aliyepasuliwa hurudia mzigo mzito baada ya muda gani? Kwa nini?
2. Ni nani kati yetu anayetarajia kujifungua hivi karibuni, na nani atamchotea maji ikiwa atapasuliwa?
3. Mmoja alale kwenye mkeka awaonyeshe wengine jinsi ya kuamka kwa ubavu. Kisha kila mtu ajaribu.